Kabla hujamshauri mtu afya yake, pata ruhusa yake kwanza

Hii nawaandikia wenzangu mnaoanza kazi ya ukocha wa afya huku kwetu Unguja na Pemba, wanaojitegemea na wahudumu wa afya ya jamii mnaozunguka majumbani. Watu wetu wana adabu mno na hapo ndo penye mtihani wa kazi hii. Mzanzibari hakwambii usoni "sitaki", atakwambia haya, atakwambia inshaallah, ataitikia kichwa mpaka umalize, na ile karatasi yako ya vyakula ataipokea kwa mikono miwili, ukishatoka mlangoni mambo yako pale pale. Kwa hiyo ile ndio ya mwanzo usiihesabu.

Siku ya kwanza piga hodi, subiri ukaribishwe, mkubwa muamkie shikamoo, kisha uliza hali za watu wa nyumbani na usiwe na haraka ya kufika kwenye maradhi. Mwanamme ukienda kwa mteja mwanamke nenda na mwenzio wa kike au kaeni barazani nje watu wanapita wanaona. Ukiletewa chai kunywa, na sukari yake hivyo hivyo, usianze kumhesabia mtu vijiko nyumbani kwake! Mashine ya presha iache mkobani kwanza.

Ukianza kuuliza, usiulize "unakula sukari nyingi?" maana jibu ni hapana. Sema "hebu nielezee siku yako, toka alfajiri mpaka unapolala". Chukulia mzee ana sukari, anakwambia kahawa yangu sitii sukari hata kidogo. Kweli, kahawa ya barazani ni chungu, hajakudanganya. Muache aendelee, utasikia na kashata mbili tatu pembeni, na siku nyengine kipande cha halua baada ya alasiri. Hapa wengi wetu tunarukia, tunamwambia unaona sasa mzee, halua hiyo! Ushamfunga mdomo. Mrudishie tu alichosema: "Kwa hiyo pale barazani ndo raha yako ya siku, hutaki mtu akuondoshee." Atasema eeh hapo umenena, na mara nyingi anaongeza mwenyewe, "ila hizi kashata bwana..." Nyamaza umsikilize, hilo neno limetoka kwake na lina uzito kuliko hotuba yako nzima.

Sasa ndo unaomba ruhusa. "Kuna kitu nakijua kuhusu kashata na sukari, nikwambie au tuliache leo?" Akisema niambie, sema kidogo, sentensi mbili, kisha umuulize "wewe unaonaje?" Akisema tuliache, liache kweli, usilirudishe kwa mlango wa nyuma. Mtindo huu wa kuuliza, kutoa kidogo na kuuliza tena umo kwenye njia ya mwanasaikolojia wa Marekani William Miller, aliyoiandika mwanzo mwaka 1983 kutokana na kazi yake na watu wenye tatizo la ulevi, baadae akaiendeleza na Stephen Rollnick. Wana na swali moja zuri sana: kutoka sufuri mpaka kumi, jambo hili lina umuhimu gani kwako? Akisema nne usimuulize mbona si tisa, hapo atakupa sababu za kushindwa. Muulize mbona umesema nne hukusema moja, utamsikia anajitetea kwa nini anataka kubadilika.

Dawa za miti na kombe (maandishi ya Kurani yanayooshwa kwa maji yakanywewa) uliza kwa heshima ile ile unayoulizia vidonge. Akihisi unamdharau hatokwambia anachokunywa, na wewe unahitaji kujua.

Halafu makubaliano yenyewe, yaseme wazi. Kama kuna malipo taja bei mapema, aibu ya pesa huvunja kazi nyingi. Sema wewe si daktari, dawa zake humpunguzii wala humwachishi, na presha ikifika 180/120 naye ana maumivu ya kifua au anashindwa kusema vizuri, mnakwenda hospitali pale pale. Siri ndo kubwa zaidi, visiwa vyetu vidogo na kila mtu ni ndugu wa mtu, kwa hiyo muulize nani ajue na nani asijue, hata mkewe, hata sheha, yule kiongozi wa mtaa. WhatsApp nayo ulizia, simu nyengine inashikwa na nyumba nzima. Na mwenye jiko usimsahau, mzee anaweza kukubali yote na chungu si chake, muombe ruhusa uzungumze na anayempikia.

Pemba msimu wa karafuu usipange miadi ya asubuhi, hutomkuta mtu. Na Ramadhani ianzeni mapema, tangu Shaabani. Kama ana sukari na anataka kufunga usibishane nae, mpeleke kwa daktari wake kwanza, kisha mkubaliane juu ya vipimo: sukari ya damu ikishuka chini ya 3.9 mmol/L au ikipanda kupita 16.6 anafungua. Wengine wanaogopa kutoboa kidole kunafunguza, hilo amuulize shekhe wake kabla mwezi haujaandama, asije akaacha kupima kwa wasiwasi.

Kabla hujaondoka mwambie akueleze kwa maneno yake mmekubaliana nini. Akisema "kashata tatu ziwe moja", basi andika hivyo hivyo, hata kama wewe kichwani ulikuwa na chumvi, mafuta na mazoezi ya dakika 150 kwa wiki. Hayo muombee ruhusa siku nyengine.