Somo: Wakala wa nyumba anakudai ada ya kujitoa (England na Wales)

Umempa wakala nyumba auze, umeghairi, na sasa imekuja ankara ya kujitoa. Usikimbilie kulipa, wala usikae kimya. Sheria haikatazi ada hii. Swali ni kama uliambiwa kiasi chake kwa maandishi kabla hujasaini.

1. Jua unadaiwa nini. Ndani ya mkataba kuna mambo matatu ambayo watu huyachanganya: muda wa kufungwa na wakala mmoja, notisi (mara nyingi wiki 2), na ada ya kujitoa yenyewe. Ukimaliza muda na ukatoa notisi, hujajitoa; umemaliza mkataba tu. Kama ada imeandikwa kwa ajili ya anayeondoka kabla ya muda, haikuhusu. Hesabu siku kwa kalenda, usiende kwa makisio.

2. Angalia ulisaini lini na wapi. Kama ulisaini nyumbani kwako mbele ya wakala, au kwa barua pepe, kanuni za mikataba ya walaji za 2013 zinakupa siku 14 za kufuta mkataba. Wakala asipokujulisha haki hiyo, muda huongezeka hadi miezi 12 zaidi. Uliyesaini ofisini kwake, hatua hii iruke.

Angalizo: ukiwa umeomba kwa maandishi aanze kazi ndani ya siku hizo 14, atakudai sehemu ya kazi aliyokwisha kufanya. Ndiyo maana ile fomu ya "anza mara moja" huletwa pamoja na mkataba, na wengi husaini zote mbili bila kusoma.

3. Tafuta ada kwenye karatasi. Sheria ya mawakala ya 1979 inamtaka akueleze malipo yote kabla mkataba haujaanza: kiasi, au namna kinavyokokotolewa, na lini kinadaiwa. Asipofanya hivyo hawezi kukudai bila amri ya mahakama, na mahakama inaweza kupunguza kiasi au kukataa kabisa. "Gharama zinazofaa zitatozwa", bila tarakimu wala hesabu, ni sentensi dhaifu. Kagua na VAT: ada ya pauni 600 ukiongeza asilimia 20 inakuwa 720. Kama mkataba ulitaja 600 tu bila neno la VAT, hiyo 120 ipinge peke yake.

4. Omba mchanganuo. Picha kiasi gani, ramani ya vyumba kiasi gani, tangazo siku ngapi, na risiti zake. Sheria ya haki za walaji ya 2015 huweza kubatilisha sharti linalomtoza mlaji fidia kubwa kupita kiasi. Ankara inayolingana na kamisheni nzima wakati hakuna mnunuzi aliyepatikana ni ngumu sana kuitetea.

5. Lalamika rasmi. Barua pepe yenye kichwa "Malalamiko rasmi", namba ya kifungu unachokipinga, na kiasi unachokubali, hata kama ni sifuri. Sehemu usiyobishania ilipe. Inakuonyesha mwungwana mbele ya mwamuzi. Simu hazisaidii kitu hapa. Zikipita wiki 8 bila jibu la mwisho, au jibu likikuja usiridhike, peleka kwenye mpango wa usuluhishi ambao kila wakala wa kuuza nyumba lazima awe mwanachama wake, kama The Property Ombudsman. Una miezi 12 tangu jibu la mwisho, na hulipi chochote.

Maswali ya wanachama

*Swali: Nimeshatumiwa barua ya kutishia mahakama. Nisubiri?*
Usisubiri, ndugu. Kwa deni la mtu binafsi unapewa siku 30 kujibu barua hiyo. Jibu kwamba deni lina mgogoro na uambatanishe malalamiko yako. Zikija karatasi za mahakama zenyewe, siku ni 14. Ukizipitisha unaweza kuhukumiwa bila kusikilizwa, hata kama ankara ilikuwa batili.

*Swali: Nikilipa ada ya kujitoa, naweza kuuza kwa wakala mwingine bila wasiwasi?*
Bado. Kwanza mwombe wa zamani orodha ya majina ya wote aliowaleta kuiona nyumba. Mmoja wao akinunua baadaye, wakala huyo wa zamani anaweza kudai kamisheni, nawe ukalipa mara mbili. Tofautisha pia "wakala pekee" na "haki pekee ya kuuza". Chini ya hii ya pili, ukimuuzia hata binamu yako ndani ya muda wa mkataba, kamisheni inadaiwa.

*Swali: Cheti cha nishati nilikilipia kupitia kwao. Wanasema kinarudi kwao.*
Hapana, dada. Cheti ni cha nyumba, kinadumu miaka 10 na kipo kwenye rejista ya wazi. Picha ni suala jingine: hakimiliki kwa kawaida hubaki kwa aliyepiga au wakala, kwa hiyo usizitumie bila ruhusa.