Pikapu ya dizeli ya zamani: vitu vya kuweka sawa kabla hujashika spana

Naongelea Hilux za miaka ya 90, zile zenye namba ya modeli LN106 na ndugu zake zenye injini ya 2L, 3L au 5L (hayo ni majina ya injini, sio lita), maana ndo ninazozijua na ndo bado zimejaa mikoani zinabeba mahindi, mabati na watu wa msibani. Uzuri wake hazina kompyuta wala plagi za cheche, dizeli inajiwasha yenyewe kwa sababu hewa inabanwa kama mara 22 mpaka inakuwa ya moto, kwahiyo mtu mwenye subira na spana nzuri anaweza kuitengeneza chini ya mwembe. Ubaya wake ni huohuo, kila mtu anajiona anaweza, anafungua kwanza halafu ndo anaanza kuwaza.

Kabla ya spana tafuta kalamu. Andika gari inafanya nini na inafanya saa ngapi. Inagoma asubuhi tu au hata ikiwa ya moto? Ikilala kwenye mteremko inasumbua lakini ikilala tambarare inawaka? Hiyo peke yake ishakwambia usiku dizeli inarudi kwenye tangi na kuna mahali hewa inaingia. Moshi nao uangalie vizuri, ukiwa mweusi dizeli ni nyingi kuliko hewa, anza na ea klina kabla hujalaumu nozeli, zile zinazopulizia dizeli ndani ya injini. Wa bluu ni oili inaungua. Mweupe wa asubuhi unaochoma macho ni dizeli ambayo haijaungua, mara nyingi hita plagi (zile zinazopasha injini joto kabla ya kuwasha) au hewa kwenye dizeli, ila ule mweupe usioisha hata injini ikishapata moto na huku rejeta kila siku inataka maji, hapo ni gasketi ya hedi au hedi yenyewe imepasuka, usiendelee kuiwasha hasara itakuwa kubwa zaidi.

Mimi hili la kuandika nililidharau. 3L yangu ilikuwa inazungushwa asubuhi mpaka betri inalia, fundi mmoja akaja akasikiliza dakika mbili akasema pampu kubwa, ile inayosukuma dizeli kwenye nozeli, imekufa, ikashushwa, ikaenda kutengenezwa, nikalipa hela ya mbuzi wanne, ikarudi, kesho yake ugonjwa uleule. Kumbe ilikuwa ile pampu ya mkono iliyo juu ya filta ya dizeli, mpira wake wa ndani umechanika unavuta hewa. Chini hakuna hata tone, ndo kilichonidanganya. Kwenye hizi injini dizeli haisukumwi kutoka tangi, inavutwa na pampu, kwahiyo penye tundu hewa ndo inaingia badala ya mafuta kutoka.

Ndo maana siku hizi kitu changu cha kwanza kununua ni mpira mwangavu, ule wa mafundi ujenzi wa kupimia levo, nusu mita tu inatosha, na klipu mbili za kubana. Unaupachika kati ya filta na pampu, unawasha, unaangalia. Mapovu machache mwanzoni kawaida, yakiwa yanatembea bila kukoma unarudi nyuma kiungo kwa kiungo kuelekea tangi. Ni wa kupimia tu, usiuache humo. Na tafuta dumu safi la lita 5, unaweka dizeli nzuri unalining'iniza juu kuliko pampu unavutisha humo moja kwa moja, gari ikiwaka vizuri basi pampu yako ni nzima na shida iko kwenye mipira, filta au tangi. Hivyo vitu viwili bei yake haifiki hata soda za watu wa nyumbani, na vingeniokolea mbuzi wangu.

Spana usinunue seti kubwa ya kuringia. Toyota anapenda namba 10, 12, 14, 17 na 19, hizo ziwe nzuri kweli, na 17 ndo ya nati za mabomba ya nozeli kwahiyo ikiwa imechoka itakula kona za nati utalia. Ongeza mita ya umeme, tochi ya kichwani, brashi ya waya, na simu yenye chaji ya kupiga picha kila kitu kabla hujakitoa, hasa mipira midogo, maana usiku ukishaingia yote inafanana. Spea nazo nunua kabla sio gari ikiwa imeshafunguliwa, nenda na namba ya injini na ikiwezekana na kitu chenyewe mkononi, filta ya 2L na ya gari nyingine zinaweza kufanana kwa macho na oringi, ule mpira wa kuzibia, ikakataa. Ukigusa nozeli hakikisha una pete zake mpya za kuzuia kuvuja (washa), zile za zamani zikirudishwa zitavuja.

Mahali pa kufanyia kazi watu wanapaona kitu kidogo. Ardhi ngumu na tambarare, mawe nyuma ya matairi, na stendi za chuma chini ya chasi. Jeki ni ya kunyanyulia tu. Tofali la sementi usilitegemee, linabeba vizuri kabisa halafu linapasuka ghafla bila kukupa taarifa. Watoto na kuku mbali, na mtu mzima mmoja awe karibu, sio wa kupiga stori, wa kushika funguo na kuzima ukisema zima.

Usafi sasa. Pampu hizi za mzunguko zinalainishwa na dizeli yenyewe, hazina oili nyingine humo, kwahiyo chembe ya mchanga au maji ni sumu. Wakati ule kabla ya 2011 kodi ya mafuta ya taa haijapandishwa, watu walikuwa wanachakachua dizeli kwa mafuta hayo ya taa na pampu nyingi zilikufa kwa ukavu. Osha sehemu yote kwa brashi na dizeli kabla hujafungua bomba hata moja, kila mdomo uliofunguliwa uzibe na nailoni safi, na matambara yasiwe ya kutoa nyuzi. Koki ya chini ya filta ifungue kwanza upokee kwenye chupa ya maji inayoonyesha ndani, iache itulie, maji yatakaa chini utayaona.

Kisha nenda kwa mpangilio, umeme kwanza. Betri iliyopumzika iwe kwenye volti 12.6 hivi, ikishuka chini ya 9.6 wakati stata inazunguka hapo hata injini mpya haitawaka, safisha vichwa vya betri na usisahau waya wa ethi unaoenda kwenye injini. Halafu switchi ya kufungua na kukata dizeli iliyo juu ya pampu, ile yenye waya mmoja, washa funguo bila kupiga stata, chomoa waya urudishe, lazima isikike tik. Kimya maana yake mita mkononi ufuate umeme. Hita plagi ndo zifuate, kwa mtu wa Dar zinaweza kufa zote nne na asijue, ila Njombe au Mufindi mwezi wa 7 utajua tu. Usizipe umeme wa betri moja kwa moja kuzijaribu kwa muda mrefu, baadhi ya hizi gari plagi zake ni za volti ndogo zitaungua, pima kwa mita.

Ukifika kutoa hewa kwenye mabomba ya dizeli, bonyeza pampu ya mkono mpaka iwe ngumu, kisha legeza nati za nozeli kidogo huku mwenzio anapiga stata. Macho na vidole mbali. Ile dizeli inatoka na presha zaidi ya mara 100 ya hewa ya kawaida, inaingia ndani ya ngozi kama sindano na hiyo ni ya kukimbilia hospitali hata kama kidonda kinaonekana kidogo. Ukitafuta panapovuja tumia kipande cha boksi sio kiganja.

Mkanda wa taimingi kama hujui ulibadilishwa lini hesabu haujabadilishwa. Taa ya T-BELT ya kukumbusha kuubadilisha, iliyo kwenye dashibodi, watu wengi walishaing'oa balbu zamani. Ukikatika safarini valvu zinagonga pistoni, na hapo sio kazi ya chini ya mwembe tena.

Na kama baada ya yote hayo bado ni pampu, sawa, ishushe upeleke kwa mwenye mashine ya kupimia, usiifungue mezani kwako. Ila kabla ya kulegeza nati chora mstari kwa msumari unaopita kwenye pampu na kwenye bodi ilipokaa, siku ya kurudisha unaulinganisha hapohapo, bila hivyo utaikuta inagonga kama cherehani mbovu au inatoa moshi mweupe na utaanza kutafuta ugonjwa ambao umeuleta mwenyewe.