Kubadilisha kozi za digrii inayogusa idara zaidi ya moja: anza na jirani, Seneti baadaye

Kila mtu anauliza mtaala unapitaje Seneti, kile kikao kikuu cha taaluma cha chuo. Jamani Seneti siyo shida, shida iko korido ya pili hapo, kwa idara inayofundisha wanafunzi wako na hamjawahi kukaa mezani hata siku moja. Mimi ni mratibu wa mtaala idara ya historia kwenye chuo kimoja hapa Iringa, digrii yetu ni ya ualimu, maana yake mwanafunzi ni wetu, ni wa kitivo cha elimu, na ni wa idara ya somo lake la pili, iwe Jiografia au Kiswahili. Ukigusa kozi moja umegusa wote hao.

Mfano nitakaotumia ni huu: tangu Januari 2024 mitaala mipya ya shule imeanza kutekelezwa na ndani yake kuna somo la Historia ya Tanzania na Maadili. Sasa mwalimu tunayemtoa lazima aiweze hiyo sehemu ya maadili, na sisi wa historia hatuna mtu wa maadili, yuko idara ya falsafa. Hapo ndipo kazi inapoanzia.

Hatua ya 1: jua nani anaitumia kozi unayotaka kuigusa

Usiamini prospektasi. Nenda ofisi ya msajili uombe orodha ya waliojisajili kwenye kozi hiyo miaka miwili mitatu ya nyuma, na waigawe kwa programu. Utashangaa, kozi unayoiona ya kwenu tu kumbe watu wa sosholojia wanaichukua kama ya hiari na watu wa utalii kwao ni lazima. Weka yote kwenye Excel: kozi, idara inayofundisha, programu zinazoitumia, lazima au hiari, semista, idadi ya wanafunzi, na kozi tangulizi, yaani ile ambayo mwanafunzi lazima aipite kwanza. Hiyo safu ya mwisho ndiyo inaua watu, unafuta kozi ya mwaka wa kwanza kumbe idara nyingine wameiweka tangulizi ya kozi yao ya mwaka wa tatu, wanakuja kugundua siku ya usajili mfumo unapomkataa mwanafunzi.

Hatua ya 2: piga hesabu ya krediti kabla hujaongea na mtu

Kwetu krediti 1 ni masaa 10 ya kujifunza, na hayo siyo ya lekcha peke yake, kuna semina, asaimenti na kujisomea. Kozi ya krediti 12 ni masaa 120 ya mwanafunzi. Digrii ya miaka mitatu inatakiwa ifike angalau krediti 360. Kwahiyo ukiingiza kozi ya maadili ya krediti 12 juu ya mzigo uliojaa, kitu kitoke, na kitoke kwako. Usiende kwa watu wa kitivo cha elimu na pendekezo kwamba wao ndio wapunguze kozi za mbinu za kufundishia ili wewe upate nafasi, mazungumzo yataishia mlangoni.

Hatua ya 3: nenda kwa mkuu wa idara jirani kwa miguu yako

Kabla ya barua, kabla ya imeili yenye kurasa arobaini. Chukua karatasi moja tu, piga hodi asubuhi, "Dokta kamwene, shikamoo, nina jambo nataka nikuombe ushauri kabla halijawa rasmi". Ukianza na imeili iliyomkopi amidi, mkuu wa kitivo, unakuwa umeshamshitaki.

Mkikaa, tegemea maswali matatu na uwe na majibu: nani atafundisha, ukumbi upi, na nani atasahihisha. Falsafa watakwambia wazi, "mnatuletea watoto mia tatu, mimi nina walimu wawili na mmoja yuko masomoni". Ni hoja ya kweli hiyo, siyo ubishi. Jibu linaweza kuwa kufundisha kwa pamoja, falsafa wachukue sehemu ya nadharia ya maadili, historia tuchukue ya Tanzania na semina zote tuzibebe sisi. Au kozi ianze kama ya hiari mwaka mmoja tuone idadi.

Kuna kitu watu hawakisemi kwa sauti, lodi, yaani mzigo wa vipindi vya walimu. Kozi ukiitoa kwa idara umewapunguzia vipindi, na vipindi ndiyo hoja yao wanapoomba kibali cha ajira mpya Utumishi. Mkuu wa idara anayekataa pendekezo lako zuri kabisa mara nyingi anakataa hapo, hata akiongea habari ya ubora. Muulize moja kwa moja lodi yake ikoje ukitoa hii kozi, utaona anavyolegea mkianza kuongelea kitu halisi.

Mkikubaliana, siku hiyohiyo andika ukurasa mmoja, wakuu wote wawili wasaini. Nimeona makubaliano ya mdomo yakifa kwa sababu tu mkuu wa idara alimaliza muda wake akaja mwingine.

Hatua ya 4: taimutebo

Mtafute mratibu wa ratiba mapema, msije mkapitisha kozi ambayo wanafunzi wa Historia na Jiografia hawawezi kuhudhuria kwa sababu saa hiyo wana kozi ya lazima ya Jiografia. Pima kila kombi ya masomo mawili, siyo ile yenye watu wengi tu. Na semista ya kuelekea TP, mazoezi ya kufundisha mashuleni, usiijaze.

Hatua ya 5: wadau

Waite wakuu wa shule na walimu wa historia wenyewe, wa mjini hapa, Kilolo, Mufindi, hata Njombe kama nauli ipo. Msiwaite Novemba, wako na mtihani wa form foo.

Hatua ya 6: vikao

Kikao cha idara, bodi ya kitivo, kamati ya taaluma, Seneti, halafu TCU, Tume ya Vyuo Vikuu, kupitia mfumo wao wa mtandaoni. Cha kuzingatia ni kimoja, kila idara iliyoguswa ipitishe kwenye kikao chake KABLA ya bodi ya kitivo na minitsi uziambatanishe. Mjumbe mmoja akisema "sisi hatujashirikishwa" faili linarudi, na vikao vyenyewe vikishapita unasubiri robo nyingine.

Hatua ya 7: walioko njiani

Hapa ndipo wengi wanachoka mapema. Aliyeingia na mtaala wa zamani amalize nao. Sasa vipi aliyekeri, yaani aliyefeli na anatakiwa kurudia, kozi mliyoifuta? Tengenezeni jedwali la kozi ya zamani na inayolingana nayo kwenye mtaala mpya, na isiyo na mwenzake itungiwe mtihani mpaka wa mwisho amalize, na mjue kwa jina ni mwalimu gani atatunga. Kodi ya kozi ya zamani, ile namba yake ya utambulisho, msiipe kozi mpya hata kama namba ni nzuri, miaka mitano mbele mtu anakuja kuomba transkripti na mfumo unamwandikia kozi ambayo hakuisoma. Tangazo litoke kwenye grupu za maCR, wawakilishi wa madarasa, kabla usajili haujafunguliwa, na namba ya kupiga iwe ya idara yako, siyo ya falsafa.