Kuitunza Mashine Yako ya Kwanza ya Piniboli Nyumbani

Mashine ya piniboli, ile meza ya mchezo yenye mteremko ambamo gololi ya chuma hupigwa chini ya kioo, ilitengenezwa kwa ajili ya kumbi za michezo na baa, mahali ambapo fundi alipita mara kwa mara kukusanya sarafu, kufuta kioo na kukaza kilicholegea. Ikishaingia nyumbani, fundi huyo ni wewe. Kazi yenyewe inafundishika, na mtu ambaye hajawahi kushika maltimita, kifaa cha kupimia umeme, anaweza kuimudu vizuri iwapo atafuata mpangilio unaofaa: kwanza usalama wa umeme, kisha betri, kisha usafi, kisha sehemu zinazosogea, na bodi za elektroniki mwisho kabisa. Wengi wanaoanza huupindua mpangilio huu. Flipa, ile mikono ya chini inayopiga gololi, ikipungua nguvu, wao hushuku transista, kile kipande cha bodi kinachowasha na kuzima umeme. Swichi isipoitika, hutafuta bodi mpya. Na mara nyingi hitilafu iko kwenye skrubu iliyolegea, uchafu au kipuri cha nailoni kilichochakaa.

Maelezo haya yanafuata mashine za Williams na Bally zilizotoka katika viwanda vya eneo la Chicago, Marekani, katika miaka ya 1990, zenye mfumo wa elektroniki unaoitwa kwa kifupi WPC (Williams Pinball Controller). Nimezichagua kwa sababu ni nyingi, vipuri vyake bado vinatengenezwa, vitabu vyake vya maelekezo vinapatikana kwa urahisi, na zaidi ya hayo mashine yenyewe ina uwezo wa kumweleza mwenye nayo sehemu yenye kasoro. The Addams Family ya 1992 peke yake iliuzwa zaidi ya mashine 20,000. Sehemu kubwa ya yanayofuata inafaa pia kwa mashine mpya zaidi. Mashine za relei, yaani swichi zinazovutwa kwa sumaku ya umeme, zilizotangulia mwisho wa miaka ya 1970 zina kanuni zake, hasa katika usafishaji wa swichi, na hazizungumziwi hapa.

Kabla ya kufungua chochote, chomoa plagi ukutani. Kuzima swichi iliyo chini ya kasha hakutoshi, kwa kuwa waya zinazotoka ukutani hadi kwenye swichi hiyo hubaki na umeme. Ndani ya mashine, koili, yaani waya uliozungushwa ambao ukipitishiwa umeme huvuta chuma, hutumia volti 50 na kuendelea, na bodi ya skrini ya vitone hubeba volti zaidi ya 100. Hicho si kiasi cha kukigusa kwa majaribio. Hakikisha kwamba plagi ina mguu wa tatu na kwamba tundu la ukutani lina waya wa ethi (wa usalama, unaoelekea ardhini) unaofanya kazi, kwani mashine nyingi za zamani hukatwa mguu huo na mmiliki aliyetaka kutumia tundu lisilofaa. Ikiwa mashine imetoka Marekani na inapelekwa Kenya, Tanzania au Ulaya, lazima viunganishi vya transfoma vibadilishwe kutoka mpangilio wa volti 115 hadi ule wa volti 230, na fyuzi kuu ibadilishwe kwa thamani iliyoandikwa katika kitabu cha mashine. Kazi hiyo ifanywe kabla mashine haijawashwa hata mara moja.

Kazi ya kwanza baada ya kununua mashine ni betri. Fungua kichwa cha mashine, lile sanduku lililosimama nyuma, uangalie bodi ya kompyuta, na utaona betri tatu za AA ambazo huhifadhi alama za juu, mipangilio na saa. Betri hizi zikizeeka huvuja, na majimaji yake hula njia za shaba, soketi na miguu ya chipu zilizo karibu. Hakuna jambo lililoangamiza bodi nyingi za kizazi hiki kama betri zilizosahauliwa. Zitoe hata kama zinaonekana safi, kisha uchague moja kati ya njia mbili: weka kishikio cha betri chenye waya ndefu, kikae mbali na bodi na chini yake, au weka chipu ya kumbukumbu isiyohitaji betri kabisa. Mimi ninapendelea chipu, ingawa saa ya mashine haitahifadhi wakati, kwa sababu inaondoa hatari yote. Ukikuta unga wa kijani au mweupe kwenye bodi, itoe bodi, isugue kwa mswaki uliochovywa kwenye siki nyeupe ili kutuliza alkali, isuuze kwa maji yaliyotoneshwa, kisha kwa alkoholi ya isopropili, na uiache ikauke kabisa kabla ya kuirudisha.

Sasa uwanja wa mchezo. Fungua mlango wa sarafu, vuta mkono wa chuma ulio ndani, nyanyua upau wa mbele, kisha telezesha kioo taratibu kuelekea kwako. Kioo hiki ni cha usalama, kigumu usoni lakini dhaifu kwenye kingo: ukikisimamisha juu ya vigae au saruji, kona ikigonga kidogo tu kinaweza kupasuka vipande elfu. Kilaze juu ya zulia au kisimamishe juu ya taulo nene. Toa gololi zote kabla ya kuunyanyua uwanja, maana gololi moja inayobingirika kutoka juu huvunja plastiki njiani.

Vumbi jeusi unaloliona uwanjani ni mchanganyiko wa raba iliyosagika, unga wa chuma na masizi kutoka kwenye koili. Lifyonze kwanza kwa kifyonza vumbi chenye brashi laini, kisha futa kwa kitambaa cha mikrofaiba na dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya plastiki na rangi. Usitumie maji wala dawa za kusafishia madirisha. Uwanja ni mbao, na unyevu unaopenya kwenye mikwaruzo huivimbisha mbao na kuibandua rangi. Baada ya kusafisha, paka nta ya karnauba isiyo na viambato vya kukwangua, iache ikauke, halafu isugue hadi ing'ae. Nta hupunguza msuguano, nayo ndiyo inayoliwa na gololi badala ya rangi. Katika mji wa pwani wenye hewa ya chumvi, angalia pia skrubu na vyuma vya chini ya uwanja kila unaposafisha, maana kutu huanzia hapo.

Gololi yenyewe ina kipenyo cha milimita 27 na uzito wa takriban gramu 80. Ikishachubuka inageuka msasa unaozunguka, na hakuna nta itakayouokoa uwanja. Ni kipuri cha bei ndogo, kwa hiyo weka mpya mara tu uipatapo mashine, na tena kila unapohisi mikwaruzo kwa ukucha. Katika mashine zenye sumaku chini ya uwanja, kama The Addams Family, gololi hushika usumaku kadiri muda unavyokwenda; zikianza kunatana kwenye mfereji wa chini, mashine hushindwa kuzihesabu na hutoa mbili pamoja au haitoi hata moja. Raba za mviringo nazo zibadilishwe zote kwa pamoja, kwa kufuata orodha ya vipimo iliyo kwenye kitabu, baada ya kupiga picha za kila pembe ya uwanja.

Sehemu inayostahili muda wako mwingi zaidi ni flipa, kwa kuwa mchezo wote unategemea mikono hiyo miwili. Koili ya flipa ina nyuzi mbili zilizozungushwa pamoja: moja nene, yenye ukinzani wa omu 4 hivi, inayotoa pigo, na nyingine nyembamba, yenye zaidi ya omu 100, inayoushikilia mkono juu bila kuunguza koili. Katikati yake hupita fimbo ya chuma ndani ya mrija wa nailoni, na fimbo hiyo huvuta kiungo kinachouzungusha mkono. Kila pigo linaigongesha fimbo kwenye kizuizi cha chuma. Baada ya maelfu ya mapigo ncha ya fimbo hutanuka, mrija hujaa unga mweusi, tundu la kiungo huwa pana, na flipa iliyokuwa ikifikisha gololi juu ya njia ya mteremko hushindwa kufika nusu.

Dawa yake ni kubadilisha seti nzima: fimbo, kiungo, mrija, kizuizi, springi na kipete cha nailoni ambamo mhimili wa flipa hupita. Kubadilisha kimoja kimoja ni kupoteza muda, maana kipuri kipya hulegezwa haraka na cha zamani kilicho jirani. Unapofunga, acha mkono uwe na nafasi ndogo ya kusogea juu na chini, pungufu kidogo ya milimita moja. Ukibana mno unakwaruza uwanja na kukwama, na ukilegeza mno pigo linayumba. Skrubu zinazofunga kizuizi cha koili zikaze kwa uangalifu wa pekee, kwa kuwa mtikisiko huzifungua. Baadaye linganisha mikono yote miwili na tundu dogo la alama lililo uwanjani, kama lipo, au na mstari wa reli iliyo juu yake.

Kamwe usitie mafuta kwenye fimbo na mrija wa koili. Ni jambo ambalo kila anayeanza hutamani kufanya, na mwanzoni mashine huonekana kufurahia. Kisha mafuta hushika vumbi, huwa tope zito, na joto la koili hulikaanga hadi fimbo inanata. Nailoni imechaguliwa kwa sababu inateleza ikiwa kavu.

Swichi ni mlango wa pili wa matatizo, na hapa mashine yenyewe itakusaidia. Inapowashwa, angalia maneno ya skrini yanayoonyesha idadi ya michezo iliyolipiwa: nukta ikitokea mwishoni, mashine imegundua swichi ambayo haijafanya kazi kwa muda mrefu au imekwama. Ndani ya mlango wa sarafu kuna vitufe vinne; kwa vitufe hivyo utaingia kwenye majaribio, na jaribio la T.1 litakuonyesha kila swichi unapoibonyeza kwa kidole. Swichi za bapa zenye dhahabu zisafishwe kwa kupitisha kipande cha kadi safi katikati huku ukibana kidogo, bila tupa wala msasa, kwani dhahabu ikitoka swichi hiyo haitakuwa ya kuaminika tena. Swichi za mwanga usioonekana (infraredi) zipanguswe kwa pamba yenye alkoholi; ukitaka kujua kama zinatoa mwanga, zitazame kupitia kamera ya simu, na nyingi zitaonekana zikiwaka zambarau.

Swichi hizi zimepangwa kwa safu wima 8 na safu mlalo 8, na kila moja ina dayodi yake, kipande kinachopitisha umeme upande mmoja tu. Mpangilio huu unakupa njia ya kufikiri. Swichi moja peke yake ikifa, tafuta waya uliokatika, lehemu iliyoachia au dayodi iliyokufa papo hapo. Safu nzima ikifa, fuata waya wake, wa kijani kwa safu wima na mweupe kwa safu mlalo, hadi kwenye plagi ya bodi. Hapo ndipo inafaa kuanza kushuku elektroniki.

Koili nazo zina utaratibu unaofanana. Koili moja isipopiga, angalia waya na lehemu yake. Kundi zima likinyamaza, toa fyuzi yake kwenye kishikio na uipime ikiwa nje. Fyuzi inaweza kuonekana nzima na kumbe imekatika. Kumbuka kwamba mashine za katikati ya miaka ya 1990 hukata umeme wa koili mlango wa sarafu unapokuwa wazi, na wengi wamehangaika bure kwa kutolijua hilo. Fyuzi ibadilishwe kwa thamani na aina ileile, iwe ya kukatika haraka au ya kuchelewa. Fyuzi kubwa kuliko inavyotakiwa haitatui hitilafu. Inaihamishia kwenye waya, na waya huwaka moto. Ukisikia koili ikinguruma mfululizo au ukanusa harufu ya kuungua, zima mashine mara moja: transista imeharibika na kubaki ikipitisha umeme, na koili haitaachia.

Kusawazisha mashine ni kazi fupi. Weka pimamaji juu ya uwanja wenyewe, si juu ya kasha, urekebishe miguu hadi pande zilingane, kisha uinue nyuma hadi mteremko ufikie takriban digrii 6.5.

Zimebaki dalili mbili zinazohusu bodi ambazo mwenye mashine ya WPC atakutana nazo. Ya kwanza ni plagi za taa za kawaida zilizobadilika kuwa kahawia au nyeusi kwa joto. Plagi na pini za bodi zibadilishwe zote mbili, na kuweka taa za LED hupunguza sana mzigo unaozichoma. Ya pili ni mashine kujizima na kujiwasha upya unapobonyeza flipa zote mbili. Hapo volti 5 za kompyuta zinashuka flipa zinapovuta umeme mwingi, na wanaohusika kwa kawaida ni rektifaya (inayogeuza umeme wa AC kuwa DC) na kapasita kubwa (inayohifadhi chaji na kutuliza volti) ya bodi ya umeme, au plagi iliyolegea njiani. Kuchomoa na kuchomeka tena plagi hizo ni kazi yako. Kubadilisha rektifaya ni kazi ya mtu aliyezoea kulehemu, kwani bodi hizi ni za zamani na joto likizidi njia za shaba hubanduka. Jizoeze kwanza kwenye bodi ya redio mbovu, ukitumia lehemu ya elektroniki na kamwe si ile ya mabomba yenye asidi. Ukiamua kumpelekea fundi, piga picha ya kila plagi ikiwa mahali pake, iandike kila moja namba yake kwa kalamu, itie bodi kwenye mfuko wa kuzuia umemetuamo, na uambatanishe karatasi inayoeleza mashine hufanya nini, wakati gani, na ni vipimo gani ulivyokwisha kuchukua.