Farasi bahari na joto la Tanga
Mnaofuga farasi bahari nyumbani hapa Tanga, Januari na Februari chungeni joto kuliko kitu kingine. Wengi wao hustawi kwenye maji ya nyuzi 22 hadi 25. Yakipanda zaidi, bakteria huzaana haraka na samaki hawa huugua.

Mimi nimeondoa kifuniko cha tangi nikaweka wavu, na feni ndogo inapuliza juu ya maji. Yanapoa nyuzi mbili hivi. Ila mwanzo nilichemka: maji yakipungua naongeza ya bahari, nachota Raskazone. Kumbe kinachopaa ni maji tu, chumvi inabaki, kwa hiyo kila ndoo nazidisha chumvi! Siku hizi nimebandika utepe kwenye kioo. Maji yakishuka chini ya utepe, najazia yasiyo na chumvi, kidogo kidogo, asubuhi na jioni. Ya bomba yana klorini, usiyamimine moja kwa moja.

Pa kujishikizia mkia, wawekee kamba ya nailoni. Katani yetu, pamoja na sifa zake zote, huoza majini. Na uduvi wape mara mbili tatu kwa siku, maana hawana tumbo la kuhifadhi chakula.