Kabla Hujaagiza Kebo za Faiba za Kituo cha Data

Simu ninazopigiwa kuhusu faiba, yaani nyuzi za kioo zinazopitisha data kwa mwanga, karibu zote huanza na swali moja: mita shilingi ngapi? Huwa sijibu. Nauliza kwanza raki (fremu za kubebea vifaa) zitakaa wapi, kebo itapitia wapi, na swichi (vifaa vya kuunganisha mashine kwenye mtandao) zinazonunuliwa ni za kasi gani. Kebo ni ya mwisho kuagizwa, ingawa ndiyo ya kwanza kulazwa.

Kwa hiyo shika utepe upime, na usipime sakafu tu. Raki mbili zilizoachana mita 10 zinaweza kula kebo ya mita 20: inapanda hadi kwenye trei, inafuata kona, inashuka, kisha inabaki akiba ya kuzungusha nyuma ya raki. Kebo zenye konekta (vichwa vya kuchomeka) kutoka kiwandani hazikatwi wala haziungwi zikifika, na ikipungua mita moja utaagiza upya.

Umbali ukishajulikana, aina ya faiba karibu inajichagua yenyewe. Maltimodi ya siku hizi ina kiini, yaani sehemu ya katikati inayopitisha mwanga, cha mikromita 50. Mwanga hupita humo kwa njia nyingi kwa wakati mmoja na hazifiki zote pamoja, ndiyo maana kasi ikipanda umbali unapungua. Kwa gigabiti 10 kwa sekunde, maltimodi ya daraja la OM3 inafika mita 300 na ya OM4 mita 400. Kwa gigabiti 100 kwenye moduli za SR4 (moduli ni kifaa kinachochomekwa kwenye swichi kugeuza umeme kuwa mwanga), OM3 inaishia mita 70 na OM4 mita 100. Singomodi ya daraja la OS2, ambayo kiini chake ni mikromita 9 hivi na mwanga hupita humo kwa njia moja, haina tatizo hilo. Juu yake, moduli ya LR4 huzipeleka gigabiti 100 hizo hizo hadi kilomita 10.

Wengi hushangaa kuambiwa kwamba mara nyingi kebo ya singomodi ni nafuu kuliko OM4. Ughali wake uko kwenye moduli zinazochomekwa kwenye swichi. Ukipiga bajeti ya kebo peke yake umejidanganya. Weka kebo na moduli za ncha zote mbili kwenye hesabu moja. Msimamo wangu, na najua kuna mafundi wenzangu wasioupenda: ndani ya safu moja ya raki OM4 inatosha, lakini kati ya safu na safu, au chumba na chumba, laza singomodi. Swichi utazibadilisha baada ya miaka michache. Kebo iliyokwisha kulazwa chini ya sakafu hakuna anayetaka kuifukua. Ila usichukue moduli ya kilomita 40 kwa kebo ya mita 30 eti ni bora zaidi. Mwanga wake unaweza kuunguza upande unaopokea, usipoweka kipunguza mwanga katikati.

Kisha piga hesabu ya upotevu wa mwanga. Hii ndiyo hesabu inayorukwa kuliko zote, nayo haihitaji hata kikokotoo. SR4 ya gigabiti 100 kwenye OM4 inaruhusu desibeli (kipimo cha upotevu huo) 1.9 tu kutoka ncha hadi ncha. Mita 60 za OM4, kwa kiwango cha juu cha desibeli 3.5 kwa kilomita, zinakula 0.21. Kila maungio ya konekta yanaruhusiwa na viwango vya TIA (chama cha sekta ya mawasiliano cha Marekani) kupoteza hadi 0.75. Ukipitia paneli mbili za kuunganishia kebo, kila moja na maungio yake, umefika 1.71, bado uko salama kwa wembamba. Ongeza paneli ya tatu kwa sababu mhandisi alitaka kurahisisha mpangilio, umefika 2.46, na hapo usishangae linki ikianza kukatika bila mpango. Ama punguza maungio, ama nunua konekta za upotevu mdogo. Amua leo, si siku ya kuwasha.

Konekta zenyewe zina mitego yake. Kuna kazi moja tuliyofanya ambapo shehena nzima ya kebo za MPO (konekta moja inayobeba nyuzi nyingi) ilifika ikiwa na pini ncha zote mbili, na moduli za swichi nazo zina pini. Dume kwa dume. Tulisubiri wiki kadhaa kebo nyingine zisafirishwe, huku swichi mpya zimekaa rakini kama mapambo. Tangu siku hiyo naandika kwenye oda mambo matatu kwa herufi kubwa: pini ipo au haipo, polariti (mpangilio wa nyuzi kutoka ncha hadi ncha) ni A, B au C, na nyuzi ni 8, 12 au 16. SR4 hutumia nyuzi 8 tu, kwa hiyo kwenye MPO ya nyuzi 12 umelipia 4 zisizofanya kazi. Upande wa singomodi, konekta ya kijani imechongwa mshazari wa digrii 8 na ya buluu haikuchongwa hivyo. Hazioani, hata zikiingia.

Rangi ya ganda isikupe imani sana. OM3 na OM4 mara nyingi huuzwa kwa rangi ile ile ya samawati-kijani, hivyo soma maandishi yaliyochapwa kwenye kebo. Ganda liwe la aina isiyotoa moshi mwingi wala gesi ya haloji likiungua. Chini ya sakafu, kama jengo lina panya (na lipi halina?), lipia kebo yenye kinga ya chuma.

Kwenye mkataba andika kwamba mkandarasi atakabidhi vipimo vya kila uzi, na kwamba kila ncha itakaguliwa kwa darubini na kusafishwa kabla ya kuchomekwa, hata kama imetoka kwenye mfuko muda huo huo. Chembe ya vumbi isiyoonekana kwa macho inatosha kuziba kiini cha mikromita 9. Na kama mafundi wa viyoyozi bado wanatoboa kuta, kebo zibaki kwenye maboksi yake.