Okonomiyaki jikoni mwako: kabichi kwanza, unga baadaye

Ukiwa umekulia kwenye chapati za maji, okonomiyaki, chapati nene ya kabichi ya Wajapani, utaielewa upesi, na utaikosea upesi vilevile. Ya kwanza niliipika chumbani kwangu Osaka, Japani, kwa mkono wa chapati: unga mwingi, kabichi ya kutia rangi tu, kisha nikaikandamiza kwa mwiko ili iive ndani. Ikatoka tofali. Mama mmoja wa ghorofa ya chini, niliyempelekea kipande kwa ujirani mwema, alikitafuna taratibu, akaniuliza kwa upole: "Kabichi iko wapi?"

Okonomiyaki ni chakula cha kabichi, unga ni gundi yake. Jina lenyewe ni "okonomi", yaani upendavyo, na "yaki", cha kuchoma au kukaanga. Osaka wanachanganya vyote kwenye bakuli moja. Hiroshima wanapanga tabaka juu ya tabaka, na tambi ndani. Hiyo ya Hiroshima kaile mgahawani. Kuigeuza bila kuimwaga kunataka mazoezi.

Kwa watu wawili: kabichi gramu 300 (kama robo ya kabichi ya dukani Japani), unga gramu 100, maji ya dashi mililita 100, mayai 2, na kiazi kiitwacho nagaimo gramu 50 hivi. Dashi ni supu nyepesi ya samaki mkavu na mwani. Ya unga ipo kila supamaketi, nusu kijiko cha chai kwenye maji hayo inatosha. Nagaimo ni ndugu wa kiazi kikuu, ila huyu huliwa hata mbichi. Ukimkwangua anateleza kama mlenda, na ule mlenda ndio unaoshika hewa na kuifanya okonomiyaki iwe laini. Mikono ikiwasha, osha kwa maji yenye siki kidogo, au vaa glavu tangu mwanzo.

Angalia unga unaochukua. Wengi wetu tulioko huku Japani tumezoea kubeba 強力粉, unga wa mikate, kwa sababu chapati zake zinavutika vizuri. Hapa ndio utakaokuharibia. Chukua 薄力粉, unga wa keki. Kuna pia unga wa okonomiyaki wenyewe, dashi na kiazi vimo tayari. Kwa mara ya kwanza nunua huo, hakuna aibu.

Kata kabichi vipande vidogo, nusu sentimita hivi, si nyuzi ndefu kama za kachumbari, maana zikiwa ndefu itachanika ukigeuza. Ukiiosha, ikaushe sawasawa. Koroga unga na dashi, tia kiazi, acha vipumzike. Kabichi na mayai vinaingia wakati kikaango kimeshapata moto, kwa sababu kabichi ikikaa kwenye uji inatoa maji na mambo yanakuwa majimaji. Hapo pia ongeza konzi ya tenkasu, zile chembe za unga uliokaangwa, na tangawizi nyekundu ya achari kama unaipenda. Changanya kwa kijiko kutoka chini kwenda juu, mara chache tu. Usipige.

Changanyiko likionekana kabichi tupu iliyopakwa uji, liko sawa. Nusu yake mimina kwenye kikaango chenye mafuta kidogo, moto wa kati, unene wa sentimita 2, upana wa sahani ndogo. Panga nyama juu. Subiri dakika 4 au 5, geuza kwa miko miwili kwa mkupuo mmoja, funika dakika 4 nyingine, kisha geuza tena upande wa nyama uwe juu. Mkono utakuwasha kuikandamiza. Uzuie, ukikandamiza unaitoa hewa yote.

Kuhusu nyama: ya kawaida ni nguruwe, vipande vyembamba. Kwa Waislamu na wengine wasiomla, kamba, ngisi au ng'ombe vinakwenda vizuri sana. Nyama ya duka la halali kwa kawaida huwa imeganda, basi ikate ikiwa bado haijayeyuka yote, utapata vipande vyembamba kama karatasi. Soma na kibandiko cha sosi: 豚 au ポーク ni nguruwe, 酒 ni pombe. Sosi za halali zinauzwa, ila ya nyumbani ni rahisi: tomato sosi vijiko 3, sosi ya Worcestershire 2, sosi ya soya 1, sukari 1. Mgahawani uliza kwanza, maana bati la kukaangia mara nyingi ni moja kwa wote.

Paka sosi, chora mistari ya mayonezi, nyunyiza mwani wa unga na katsuobushi, yaani maranda ya samaki mkavu. Mvuke ukiyapata yanacheza juu ya sahani. Mwanangu mara ya kwanza aliweka uma chini, akasema samaki bado hajafa.

Mlioko Ulaya au Marekani, nendeni maduka ya Waasia. Kabichi ikiwa ngumu, kata ndogo zaidi. Nagaimo ikikosekana, tia nusu kijiko cha chai cha beking pauda na supu ya kuku badala ya dashi. Haitakuwa ileile, lakini italika. Yale magimbi na viazi vikuu vya maduka ya Kiafrika viacheni, havifai kukwanguliwa vibichi.

Zikibaki, zifunge moja moja bila sosi, weka kwenye friza, na upashe kwenye kikaango kikavu. Mimi kipande cha jana nakila asubuhi na chai ya rangi. Yule mama wa chini hataki hata kusikia.